Pamba, Mawese na Matundu Matatu

Fundi Leonardi wa Kibirizi hakuwa na nyumba ya maana, hakuwa na pikipiki, na meno ya mbele yalikuwa yamemhama moja baada ya jingine bila kuaga. Lakini kiburi alikuwa nacho, tena cha kutosha kugawia mtaa mzima na kingine kubaki. Kazi yake ilikuwa kuziba mitumbwi, na hakuna mtu aliyewahi kuonyesha alipoziba. Ukimletea mtumbwi wenye tundu leo, kesho anakuita, anakushikisha soda mkononi, anakwambia: "Onyesha nilipopita. Ukipaona, soda ni yako. Usipopaona, rudisha soda yangu." Kwa miaka arobaini soda zilirudi zote, nyingine zikiwa zimeshapata moto.

Mafundi wengine pale ufukweni waliziba kwa bati. Wanakata kopo la rangi, wanagongelea misumari, mtumbwi unarudi ziwani una viraka kama suruali ya mlevi. Leonardi aliwadharau waziwazi. "Bati ni kukiri kosa," alisema. Yeye alichonga kizibo cha mninga kikafuata mwelekeo wa tundu lenyewe, kama limeenda mshazari naye mshazari, akakivika pamba iliyolowekwa kwenye mawese, akakigonga taratibu, akapiga randa, akapaka rangi. Basi. Hata mwenye mtumbwi anasahau kwamba uliwahi kuumia.

Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, aliyemleta kutoka Mwandiga akiwa na miaka kumi na minne, pamoja na masharti mawili. La kwanza: chombo hakiulizwi kimetoka wapi, wewe ziba. La pili lilikuwa zito zaidi. Chombo kilicholeta maiti kisiachwe na tundu wazi mpaka marehemu azikwe, maana ziwa likishaonja mtu kupitia tundu, hurudi kupitia tundu hilohilo. Leonardi alikuwa Mkatoliki wa kukaa benchi la tatu, na sharti la baba yake hakuliona likigombana na Ekaristi hata kidogo. Mkewe, Clementina, alimwonya mara nyingi. "Baba Esta, wewe ukiona shimo huna akili tena. Iko siku utaziba lisilozibwa."

Alisema hivyo siku mumewe alipoziba tundu la choo cha jirani. Hakujua anatabiri.

Mwezi wa pili mwaka ule, kabla ya msiba, majambazi walikuwa wamechachamaa ziwani. Walikuja alfajiri, wana bunduki, wanapiga kelele "Polisi! Simama!", wavuvi wanasimama kwa heshima ya serikali, na serikali hiyo bandia inaondoka na injini, taa, nyavu na dagaa. Wiki tatu, injini kumi na moja. Ukaitishwa mkutano wa hadhara sokoni. Alikuja Afande Feliksi, inspekta wa doria, mtu mpole, mwembamba, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Akauliza wananchi wanataka nini.

Leonardi akasimama. Alipenda sana kusimama.

"Afande, tumechoka. Mkiwaona, pigeni hukohuko majini. Msituletee huku. Mahakama ina foleni, ziwa halina."

Soko zima likacheka, likapiga makofi. Mwenyekiti wa mtaa akaandika maneno yale kwenye muhtasari neno kwa neno, kwa mwandiko mzuri. Mama Scola, mwanika dagaa, ambaye chanja zake zilipakana na kivuli alichofanyia kazi Leonardi, alimpigia makofi kuliko wote. Mwanawe Dismasi alikuwa anavua kwa mtumbwi wa mama yake, na mama gani anataka majambazi wakamatwe kwa upole?

Mtumbwi huo uliitwa Usinisemee. Scola aliununua kwa miaka tisa ya kugeuza dagaa juani.

Mwezi wa tano, siku ya Jumanne, jua halijatoka vizuri, Usinisemee uliingia Kibirizi ukiwa umezama nusu. Meshack, mvuvi mwenzake Dismasi, alikuwa nyuma na chupi tu, anapiga kasia na kulia. Nguo zake zote alikuwa amezisokomeza kwenye matundu. Dismasi alikuwa amelala chali chini, kwenye maji mekundu, na dagaa walikuwa wanaelea juu yake.

Meshack aliyasema yote pale mchangani kwa pumzi moja. Boti iliwajia gizani bila taa, watu wanaita "Polisi! Simama!" Wakajua ni walewale. Dismasi akageuza mtumbwi kuelekea nyumbani, akafungulia injini yote. Ikapigwa risasi. Zikapigwa tena. Dismasi akasema "Meshack, nimechomwa na nini?" akakaa chini. Boti ikafika, watu wakamulika, wakaona, wakaondoka, na safari hii walikuwa polisi wa kweli.

"Wa kweli kabisa," alirudia Meshack, kama mtu anayeshangaa kukuta noti halali.

Polisi walipofika walimchukua kwenda kuandika maelezo. Dismasi wakamchukua kwenda kwa daktari. Scola alikuwa amekaa mchangani, ameshika kiatu kimoja cha mwanawe, anasema kwa Kiha "mwana wanje, mwana wanje", yaani mwanangu, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Watu walitoa simu. Zilikuwa simu zisizopungua arobaini. Zilimpiga picha Dismasi usoni, zikampiga Scola mdomo wazi, zikampiga Meshack na chupi yake. Hakuna hata moja iliyopiga picha mtumbwi. Mtumbwi nani anaupenda mtandaoni?

Kabla ya saa nne ufukwe ulikuwa mtupu. Askari aliyesema atarudi kupiga picha na kupima hakurudi. Gari lilikuwa halina mafuta. Usinisemee ulikuwa umelala ubavu mchangani na matundu matatu. Moja ubao wa nyuma, karibu na injini. Mawili ubavuni, kulekule nyuma, chini ya usawa wa maji. Leonardi akautazama. Mtumbwi nao, kwa jinsi alivyoona yeye, ukamtazama.

Alikumbuka sharti la baba yake. Alimkumbuka Scola, na kwamba hakuwa na kitu kingine cha kumpa rambirambi. Akachukua ndoo, akaosha damu. Akachonga vizibo vitatu, na mikono yake, ambayo haikuwahi kuuliza swali, ilitambua kwamba matundu yote matatu yalitoka nyuma juu yakashuka mbele chini. Mikono ilitambua, kichwa hakikushtuka. Pamba, mawese, nyundo, randa, rangi ya bluu. Kufikia saa tisa Usinisemee ulikuwa mzima kuliko siku uliyonunuliwa.

Maziko yalikuwa Ijumaa. Jeneza lilirudi limepigwa misumari, na maelekezo kwamba lisifunguliwe. Leonardi alimsogelea Scola baada ya udongo, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama Dismasi, chombo chako kimepona. Hakidaiwi kitu." Scola akamshika mikono yote miwili. "Mungu akulipe, Baba Esta." Leonardi alitembea kurudi nyumbani akiwa na huzuni, ndiyo, lakini na ile huzuni iliyonyooka, ya mtu aliyefanya la kwake.

Jumatatu ikatoka taarifa ya polisi. Ilisema mtumbwi ulikaidi amri, ukageuza omo yake ya mbele, ukaielekea boti ya doria kwa kasi kwa nia ya kuigonga, ndipo askari akalazimika kufyatua risasi kujihami. Marehemu alishambulia askari. Ripoti ya daktari nayo ilisema jeraha la risasi kiwiliwilini, bila kutaja kama liliingilia mbele au nyuma, kana kwamba binadamu ni chungwa. Na Meshack, baada ya siku mbili za kuandika maelezo, alitoka anachechemea, akapanda boti ya mizigo, akavukia Kongo. Hakumuaga mtu.

Hapo nchi ikaanza kujadili. Jamani, tulijadili! Redio iliuliza asubuhi nzima: je, polisi watumie nguvu kiasi gani? Fundi cherehani wa Gungu alipiga simu akaeleza sheria ya kujihami vifungu vitano, viwili vikiwa vya nchi nyingine. Mwalimu mstaafu akasema raia mwema hana sababu ya kukimbia. Kijana wa bodaboda akasema yeye ni raia mwema na hukimbia kila siku. Mmoja akasema askari naye ana mama. Mwingine akajibu, sawa, lakini mama yake hajapelekewa jeneza lenye misumari. Kijiweni kahawa iliuzwa mpaka sukari ikaisha. Kila mtu alikuwa na msimamo juu ya risasi, na kila mmoja aliutoa akiwa amekaa.

Jumatano akafika wakili, Elinipa, binti wa kutoka Upareni aliyepangiwa Kigoma na shirika la msaada wa sheria. Alifika ufukweni na viatu vya kufunika, mchanga ukiingia.

"Shikamoo mama. Pole sana. Naomba unionyeshe mtumbwi." Scola akamwonyesha. Elinipa akauzunguka mara moja, mara mbili. Akainama. Akapapasa. "Samahani mama, huu ndio wenyewe? Matundu yako wapi?"

Wavuvi waliokuwa karibu wakachangamka. "Ayaone wapi! Hapo kapita Leonardi!" Wakanyoosha mikono kwa fahari, wote kwa pamoja, kuelekea kwenye kivuli alikokuwa amekaa. "Fundi, njoo uchukue sifa zako!"

Alikuja anatabasamu. Elinipa hakutabasamu.

"Mzee wangu, shikamoo. Unajua ulichofanya?"

"Marahaba. Nimeziba."

"Ulichoziba kilikuwa shahidi, mzee. Wanasema Dismasi aliwaendea, yaani risasi ziingie mbele. Meshack alisema alikuwa anakimbia, yaani ziingie nyuma. Meshack hayupo. Mwili umezikwa. Palibaki mbao tu."

Leonardi alisimama pale na mdomo wake usio na meno ya mbele, ukiwa tundu pekee lililobaki wazi Kibirizi nzima. Alimtazama Scola. Scola alikuwa anautazama mtumbwi, na uso wake ulikuwa wa mtu anayezika mara ya pili ndani ya wiki moja.

"Baba Esta," alisema polepole, "kumbe nilikushukuru kwa hilo?"

Hakumtukana. Angemtukana ingekuwa nafuu.

Clementina alimkuta jioni ile hajala. "Si uliyaziba wewe? Mikono ni ileile. Kayazibue."

Na ndivyo alivyofanya, kwenye mkutano wa hadhara ulioitishwa wiki iliyofuata kutuliza hali. Watu walijaa soko lote la dagaa, wengine juu ya chanja. Usinisemee ulisogezwa mbele ya meza. Afande Feliksi alikuwa kwenye kiti cha plastiki, macho yake mekundu zaidi. Leonardi akapewa nafasi. Safari hii hakupenda kusimama.

Alitoa patasi. Akapiga goti kama mtu anayeungama, akaanza kugonga mahali ambapo macho ya watu wote yaliona ubao mtupu. Kizibo cha kwanza kikatoka kinanuka mawese. Watu wakaguna. Cha pili. Cha tatu. Akavitia mfukoni. Kisha akachukua vijiti vitatu vya mishikaki, akavichomeka kwenye matundu, akasogea pembeni.

Vijiti vyote vilitazama nyuma na juu, kama vidole vitatu vinavyomwonyesha mtu mmoja.

"Aliyepiga," alisema Leonardi, "alikuwa nyuma yao, amesimama kwenye chombo kirefu kuliko chao. Mtumbwi unaokwenda kugonga haupigwi matakoni. Nimemaliza."

Scola alifunga macho. Kwa muda mfupi sana, kama muda wa kupuliza mshumaa, mwanawe hakuwa jambazi.

Afande Feliksi aliinuka taratibu. "Ahsante fundi. Mimi naomba kuuliza tu, kama mwananchi. Ni kweli una soda ambayo hajapata kuinywa mtu?"

Watu wakacheka. Leonardi naye, masikini, akacheka kidogo. "Ni kweli."

"Kwa sababu hakuna mwenye uwezo wa kuona ulipoziba."

"Hakuna."

"Basi mimi nitajuaje kama ulichozibua leo ndicho ulichoziba siku ile? Wewe ni fundi bingwa. Tundu la mbele huwezi kuliacha limezibwa? La nyuma huwezi kulitoboa jana, kwa mshazari unaoutaka?"

Kicheko kikakatika. Leonardi alifungua mdomo, akaona kiburi chake cha miaka arobaini kimesimama mbele yake kimevaa sare.

"Sikutoboa, afande. Mimi sijawahi kutoboa chombo."

"Nakuamini," alisema Feliksi, na ubaya ni kwamba alionekana anamwamini. Akamgeukia mwenyekiti, akaomba muhtasari wa mwezi wa pili, akasoma kwa sauti ya kawaida: "Fundi Leonardi alisema, mkiwaona pigeni hukohuko majini, mahakama ina foleni, ziwa halina. Wananchi walipiga makofi." Akakunja karatasi. "Ulimaanisha nani?"

"Majambazi."

"Na alfajiri, giza, mtu anakimbia, na wewe hujalala siku nne, jambazi ana rangi gani? Mlitutuma. Mkapiga makofi, tukaenda. Leo mnatuuliza."

Watu wakainamisha vichwa, wakakagua ndala zao. Ndipo Scola akasimama. Hakuomba ruhusa.

"Afande, hata mimi nilipiga makofi. Niandikeni. Niandikeni kwa herufi kubwa. Lakini mwanangu alikuwa anakimbia. Anayekimbia anakushambulia na nini? Na kisogo?"

Feliksi alitazama meza. Baadaye, waliokaa mbele walisema alitaka kujibu kama mtu, akajibu kama afande. Mimi sijui, waliokaa mbele huwa wanasema mengi.

Alichosema ni kwamba chombo ni kielelezo, kitapelekwa mjini leo hii kwa wataalamu, na wataalamu ndio watakaosema tundu lina umri gani. Elinipa alikubali haraka; ndilo alilokuwa analiomba kwa barua tangu Alhamisi. Lori liliitwa. Lori lilikuwa halina mafuta. Basi, wakasema, boti ya doria itauvuta. Ni mwendo mfupi, kuzunguka tu ghuba.

"Subirini nizibe kwanza," alisema Leonardi, mkono tayari mfukoni. "Mawili yako chini ya maji."

"Usiguse kielelezo!" alifoka Feliksi.

"Mzee, usiguse!" alipiga kelele Elinipa wakati huohuo. "Ukiziba tena tumekwisha!"

Ilikuwa mara ya kwanza polisi na wakili kukubaliana tangu msiba uanze, na watu wengine waliona ni dalili njema.

"Hautafika," alisema Leonardi. "Jamani. Mimi hii ndiyo kazi yangu. Hautafika."

Walimpa askari mmoja kopo la kuchota maji. Kamba ikafungwa, injini ikanguruma, Usinisemee ukaburutwa kuingia ziwani. Leonardi alibaki mchangani na vizibo vitatu mfukoni, kila kimoja kikiwa kimechongwa kwa tundu lake na si jingine lolote duniani, akihesabu kimoyomoyo kina cha maji kinachopanda. Askari wa kopo alichota kwa bidii. Kisha akachota kwa wasiwasi. Kisha akarukia boti ya doria. Tezi ikashuka kwanza kule nyuma, omo ikanyanyuka mbele na jina lake la rangi nyeupe, likasomeka vizuri na kila mtu aliyekuwa ufukweni, halafu kamba ikakatwa ili boti ya serikali isifuatane nao.

Ziwa letu lina kina kuliko faili lolote. Kilichokwenda chini kimekwenda.

Taarifa ya pili ilitoka baada ya siku kumi. Kielelezo kilizama kikiwa safarini kutokana na ubovu wa chombo na matengenezo duni. Uchunguzi umefungwa kwa kukosa ushahidi. Maelezo ya awali yanabaki kama yalivyo. Yaani marehemu alishambulia askari. Redio ikahamia kwenye bei ya mbolea.

Esta, binti wa Leonardi, ndiye aliyemsomea baba yake taarifa hiyo kwenye simu. Leonardi alisikia "matengenezo duni" na damu ikampanda kichwani. Alikuwa ameshainuka kwenda kugombana na mtu yeyote, alipogundua kwamba jina lake limemuuma kabla jina la Dismasi halijamuuma. Akakaa tena chini. Jumapili iliyofuata hakukaa benchi la tatu.

Alikwenda kwa Scola na vile vizibo. Elinipa alikuwa ameshamwambia kwamba bila mtumbwi havithibitishi kitu, ni vijiti tu. Scola alivipokea kwenye kiganja chenye magamba ya dagaa, akavigeuzageuza.

"Hivi, Baba Esta, vinaingia na upande upi?"

"Huu mnene ni nje. Nyuma. Huu uliochongoka unatokea ndani."

"Kwa hiyo iliingia hapa, ikatokea hapa."

"Ndiyo, Mama Dismasi."

"Nilitaka tu kuambiwa na mtu anayejua," alisema Scola. Akavifunga kwenye pindo la kanga, akarudi kugeuza dagaa, ambao safari hii walikuwa wa mtu mwingine, wa kibarua.

Leonardi bado yuko Kibirizi. Ukimletea mtumbwi wenye tundu, kwanza anauliza umetoka wapi, nani alikuwa ndani, na kwa nini. Anaita watu wawili waone kabla hajagusa. Wateja wengi wamemkimbia. Nani ana muda wa kuhojiwa na fundi kama yuko kituoni? Wachache waliobaki wanalalamikia jambo jingine. Siku hizi hachongi, hapigi randa, hapaki rangi. Anakata kopo, anagongelea bati juu ya tundu, bati jipya, kubwa kuliko linavyohitajika, linalomulika jua mpaka machoni kwa aliye mbali.

"Fundi," alimwambia mvuvi mmoja juzi, "mbona linaonekana hivi? Mtu akiwa katikati ya ziwa analiona!"

"Nalitaka lionekane," alisema Leonardi, misumari mdomoni, na akagongelea mwingine.